Mbeleko

Asubuhi ya mkutano, Tunu alikuta bango la utafiti wake limetundikwa ukutani mwa maabara, na jina limebadilishwa. Kwa miaka mingi alikuwa ameichunguza protini moja katika seli za hamira, ile inayobeba vifuko vidogo na kuvifikisha ukingoni mwa seli. Kwa desturi ya watafiti, anayegundua kazi ya protini ndiye anayeipa jina. Yeye aliiita Mbeleko. Sasa ilibeba jina la Profesa Mshindo, mkuu wake, aliyesimama kando ya bango.

"Nani amelifuta?" aliuliza.

"Mbeleko ni kitambaa cha kubebea watoto, Bi Tunu," Profesa alijibu huku akikaza tai. "Wageni watatucheka."

"Kwani wewe hukubebwa?"

"Hasira za nini, mama? Jina lako lipo, pale chini."

Tunu alitoa kwenye jokofu kisanduku cha seli alizoziondolea protini hiyo, ambamo vifuko hurundikana kwa kukosa wa kuvibeba, mpaka seli zivimbe. Alikizungushia kanga yake, akakieleka mgongoni kama mtoto, kisha akakaza fundo kifuani mpaka vidole vikamuuma.

"Unakwenda wapi na vitu hivyo?"

"Ukumbini. Wakitaka kucheka, wanicheke mimi nikiwapo."

Alitangulia. Mlango wa ukumbi ulikuwa wazi, na wageni waliokaa nyuma walikuwa wameanza kugeuza shingo.