Dodoki la Shangazi

"Lete mkono," alisema shangazi, na dodoki likaanza tena.

Fundi aliuma meno. Nyumbani walimwita hivyo kwa kupenda kufungua pasi na redio mbovu, lakini tangu baba yake akubali posa ya mwenye duka la mbao, hakuwa akifungua kitu, hata mlango. Dirisha lilikuwa na nondo. Ufunguo ulikaa kifuani kwa shangazi, dada wa baba, mwanamke wa gauni la mikono mirefu na maneno machache. Jumatatu chuo cha umeme kingefunguliwa, na Fundi aliiona nafasi yake ikimponyoka hivihivi.

Kilichochelewesha harusi ni vipele. Vidogo, vigumu, vimetapakaa juu ya viwiko kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Dada za bwana harusi walipokuja kumtazama, shangazi mwenyewe ndiye aliyempandishia mkono wa gauni.

"Tazameni vizuri," aliwaambia.

Wakaondoka wakinong'ona kwamba wangojee kwanza ngozi itulie. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze.

Baba akaleta muuguzi.

"Mbona huu hata si ugonjwa!" muuguzi alicheka. "Haviambukizi. Vinyweleo vimezibwa tu na ngozi iliyokufa. Aoge maji ya uvuguvugu, apake mafuta mazito ngozi ikiwa bado na unyevu. Haviishi kabisa, ila hutulia. Wekundu huu utapungua siku chache tu. Lakini nani anamsugua hivi? Ndiyo maana vimewaka!"

Baba alimgeukia shangazi, macho yamemtoka. "Umesikia, dada? Kesho kutwa wanarudi kumtazama. Wakimkuta ametulia, Jumamosi harusi."

"Nimesikia, kaka."

Walipotoka wote, shangazi alirudi na beseni la maji yanayofuka mvuke na dodoki jipya, kavu, gumu. Akafunga mlango. Fundi akashindwa kujizuia, akalia.

"Shangazi, nimekukosea nini?"

Shangazi alipandisha mikono ya gauni isilowe, na kwa mara ya kwanza Fundi akaiona mikono yake. Ilikuwa na vipele vilevile, vya miaka mingi, vimetulia tuli chini ya mafuta.

"Lia taratibu, baba yako asisikie," alinong'ona, akichovya dodoki. "Jumatatu alfajiri nitasahau kufunga mlango. Mimi, nilipoposwa, sikupata wa kunisugua."