Kungoja Wekundu

Chuma kikikaribia kuyeyuka huwa chekundu, na fundi Cheche alikuwa akiungoja wekundu huo.

Ila mezani hapakuwa na chuma. Palikuwa na mkongojo wa alumini wa mkewe, uliokatika asubuhi ile. Bila huo, mama wa watu hafiki hata chooni. Alikuwa amejiegemeza mlangoni mwa karakana, kasimama kwa mguu wake mmoja.

"Usinifupishie, baba watoto. Nitachechemea kama kuku."

"Tulia, mama. Mikono hii imeunga mageti ya mji mzima."

Akasogeza moto. Alumini ikabaki nyeupe vilevile, kana kwamba haijaguswa. Akaongeza gesi. Ngumu hii, akawaza. Ngoja ipate rangi.

Haikupata rangi. Iling'aa ghafla kama imemwagiwa maji, kisha pale pa kushikia pote pakaporomoka mezani kama uji.

Fundi hakugeuka. Alisogea kidogo, mgongo wake uikinge meza, akaendelea kuuelekeza moto mahali pasipo na kitu.

"Imeshika?" mkewe akauliza.

"Bado kidogo, mama."

"Basi fanya haraka. Mguu unaanza kutetemeka."