Jina la Bondeni

Alicheka kuliko wote ofisini, na hilo ndilo lililomkera baadaye.

Profesa alikuwa akiwaonyesha ramani ya bonde moja lililofungiwa na milima, ambako karibu kila mtu ana jina lilelile la ukoo. "Kule," akasema, "ukigombana na mkweo, umegombana na shangazi yako." Watu hoi kwa kicheko. Yeye, mtakwimu wao, alicheka mpaka machozi, maana alizaliwa bondeni humo na hakuna aliyejua. Jina lile alilibadilisha kwa wakili kabla hajaanza chuo, akajipachika jingine la kimjini.

Kazi yake ilikuwa kuhesabu ndoa. Mume na mke wakiwa na jina moja la ukoo kabla hawajaoana, huenda damu yao ni ya karibu. Bondeni ndoa kama hizo zilikuwa tele, na watoto waliopofuka kabla ya kumaliza shule hawakuwa haba. Dada yake mwenyewe alikuwa mmojawapo, na yeye alikuwa amemkana hata dada huyo.

Sasa mkewe alikuwa mjamzito, naye hajui lolote. Harusi yao ilikuwa ya marafiki watupu. Bibi harusi alisema ndugu zake wako mbali, na bwana harusi akashukuru kimoyomoyo, kwani hakuna aliyeuliza wa kwake.

Kliniki, nesi aliuliza, "Baba, jina la ukoo? Lile la kuzaliwa, tunaangalia magonjwa ya kurithi."

Angeweza kudanganya, ulimi ulishazoea. Lakini alipomwona mkewe ameshika tumbo, aliona aibu. Mtoto ana kosa gani?

"Nisamehe, mke wangu. Nimekuficha." Akalitaja jina. "Mimi ni wa bondeni. Dada yangu haoni."

Nesi alilijua jina hilo. "Usijitie presha, baba. Upofu ule haumpati mtoto mpaka autoe kwa wazazi wote wawili. Mmoja peke yake hana neno."

Akashusha pumzi. Mkewe alikuwa ameinama, analia. Amekasirika, alifikiri, na ana haki. Nani anataka kuolewa na kichekesho? Akamshika mkono.

"Na wewe, mama?" nesi akauliza. "La kwenu, siyo la mume."

Mkewe hakuinua uso.

"Andika hilohilo."