Kinga Isiyotikisa

Assumani aliukata kwa msumeno uma wa mbele wa baiskeli mpya kabisa, isiyo na hata mkwaruzo, mwenyewe amesimama pale amejishika kichwa.

"Lo! Fundi, unaua kinga yangu, baiskeli mupya hii!" Kamaldine, mchuuzi kutoka mji wa Wamaza, alikuwa mgeni hapa Kasongo. "Nilisema uiongezee mbio!"

"Mbio ya nini? Nani atapanda nyuma?"

"Bibi yangu. Tunaoana Ijumaa, Jumamosi tunashika njia ya Wamaza."

"Basi sikia. Uma ukisimama wima na magurudumu yakikaribiana, kinga inakimbia, lakini kila shimo linaingia mwilini. Nikiulaza uma, nikirefusha na nyuma, utaenda polepole, lakini mutu atakaa kama yuko kitandani. Mwanamuke aliyezaa utamutikisa siku mbili? Mugongo utamuua."

"Amezaa mara moja tu," Kamaldine alisema, sauti imepoa. "Haya, fanya."

Tangu mfungo uishe, chakula kilikuwa hakimpiti Assumani kooni. Mafundi wenzake walijua sababu, wakamwacha. Angeweza kumpa yule bwana mbio zake aende, nani angemlaumu? Hapana. Alichomelea siku mbili, akakishonea kiti cha nyuma sifongo nene, akabandika na vyuma viwili vya kukanyagia. Moyo ulimuuma, we acha tu. Machozi yalipomtoka alisingizia moshi.

Jumamosi asubuhi Kamaldine alikuja na bibi arusi wake, Safia, kitenge kipya mwilini, hina imekolea mikononi. Mashangazi walipiga vigelegele. Alipandishwa nyuma, akakaa, baiskeli ikazungushwa uwanjani juu ya mawe na mashimo. Haikumrusha hata kidogo.

Kamaldine alicheka kwa furaha. "Fundi, wewe ni muchawi! Na vyuma vya miguu vimemufikia sawasawa, wala hukumupima!"

"Nimezoea kazi," Assumani alijibu, akijifuta mikono iliyokuwa safi.

"Safia, mushukuru fundi, twende. Jua linapanda."

Safia hakucheka. Alikishika kiti kwa mikono miwili, akamtazama fundi kwa muda mrefu.

"Baba Heri," alisema, "mutoto wetu akiamka akaniuliza, umwambie nimeenda sokoni."