Amplifaya ya Baa

Panya alikuwa amezalia ndani ya amplifaya. Omara Jillo alipofungua bati la nyuma, vitoto vyekundu visivyo na manyoya vilijikunyata juu ya nyaya, na harufu ya mkojo ikampanda puani pamoja na nyingine iliyomchukiza zaidi: bia iliyochacha. Akatema mate, akaziba pua kwa ncha ya kikoi, akasema astaghafiru.

Kilikuwa chombo cha gitaa, cha bendi iliyowapigia walevi kando ya daraja la Garissa mpaka mafuriko ya El Nino yakaifukuza. Kitambaa cha mbele ya spika kilikuwa kimeganda matapishi. Juu ya mbao, vitako vya chupa vilikuwa vimeacha alama, duara juu ya duara, na sigara zimeacha makovu. Hapakuwa na mahali pa mtu kushika akabaki na mkono safi.

Angekuwa mteja mwingine, Omara angekirudisha. Lakini aliyekileta alikuwa mzee Ahmednoor, babake Raho, na Omara alikuwa amemposa Raho. Yeye Mpokomo wa Hola, mgeni mjini, asiye na ng'ombe wala ngamia, hakutarajia mengi. Mzee hakumkubalia wala hakumkataa. Alimletea amplifaya.

"Bole na kazi, fundi," alisema kwa lafudhi yake ya Kisomali, akiitua mezani. "Tengeneza hii kwanza. Mambo ya Raho tutasema baadaye."

Ili ajue urefu wa waya, Omara aliuliza spika itafungwa wapi.

"Baa," mzee akajibu. "Weka nguvu. Sauti ifike mbali."

Kisha akalalamika kwamba vijana wa mtaa wake wanapita tu, hawaingii. Wakisikia sauti, wataingia wenyewe. Omara aliuliza, kwa shingo upande, kama wataiwasha hata asubuhi. Mzee alisema asubuhi ndiyo muhimu kuliko saa zote.

Walevi wa tangu asubuhi. Omara alimtazama mzee yule mwenye ndevu zilizopakwa hina na tasbihi mkononi, akageuza uso.

Hata hivyo alifanya kazi. Transfoma aliing'oa kwenye redio kuukuu ya ofisi moja iliyofungwa. Kapasita alizitoa kwenye televisheni iliyoungua, swichi kwenye lori lililofia barabara ya Modogashe. Kila alipogusa risasi ya kulehemu kwa kichomeo, moshi ulipanda na ule uvundo wa bia ukaamka, kana kwamba walevi wenyewe walikuwa wakimpumulia usoni. Mende walitoka wakimpanda vidoleni. Kabla ya kila swala alijisugua kwa sabuni ya kipande hadi ngozi ikamwasha, na bado aliposujudu aliusikia uvundo ule mikononi mwake.

Raho aliuza maziwa ya ngamia mkabala na meza yake sokoni. Alikuja na kikombe, akasimama mbali, shashi puani.

"Omara, beberu anakukimbia wewe."

Omara hakucheka. Alimuuliza kama ni kweli babake anashughulika na baa.

"Kumbe hujui?" Raho akasema, uso ukimng'aa. "Mvua ilipoangusha baa, Aabo aliuza ngamia zake akajenga upya. Mtaa mzima wanamwombea dua."

Alisema hivyo kwa fahari, kama binti wa sultani. Omara aliyarudisha maziwa bila kuyaonja. Mwanamke aliyemtaka kuliko kitu chochote duniani alikuwa amelishwa mali ya haramu, na wala haikumkera. Aliomba Mungu amwonyeshe njia, na kila alipoomba aliona njia ni mbili tu: amwache Raho, au aziache swala zake.

Kazi ilipokwisha, alikipakia chombo kwenye mkokoteni wa punda hadi mtaa wa mzee, mtaa ambao hakuwahi kuukanyaga. Ahmednoor alimwingiza ghalani kwake, chumba kisicho na dirisha. Waya wa spika ulikuwa umekwisha kupitishwa kwenye tundu la ukuta, ukatokomea nje. Omara akaunganisha, akawasha. Taa ndogo ikawaka nyekundu.

Mzee akampa maikrofoni. "Zungumza, fundi. Tujue kama imebona. Watu wako huko, wanangoja."

Omara aliishika maikrofoni. Wanangoja, jua lingali juu. Basi afadhali na wao wasikie.

"Mzee Ahmednoor," alisema, na sauti yake ikanguruma huko nje, kubwa kuliko alivyodhani. "Chombo chako kimepona. Lakini Raho sitamwoa. Siwezi kula katika nyumba ya mtu anayefuga ndevu mchana na kuuza pombe usiku. Na nyinyi mliokaa hapo mkinywa, mcheni Mungu. Nendeni mkaoge, mkaswali."

Alizima. Mzee alikuwa amesimama mdomo wazi, tasbihi imemponyoka. Kisha akamshika Omara kiwiko, bila nguvu, kama anayemshika mgonjwa, akamtoa nje.

Ng'ambo ya kichochoro kulikuwa na uwanja uliotandikwa mikeka. Juu ya mikeka walikaa wanaume safu kwa safu, maji ya udhu yakiwadondoka ndevuni, wote wakimtazama yeye. Ahmednoor aliinua fimbo, akaielekeza juu ya msikiti uliokuwa nyuma yao, kwenye paa la mabati mapya, mahali spika ilipofungwa.

"Baa," alisema taratibu. "Mimi nilisema baa. Wewe, fundi, ulisikia nini?"