Gati la Sylvesta

Mtu wa kwanza kurudishwa getini asubuhi ile alikuwa padri.

"Saruji yako ipo, Baba, lakini stakabadhi iko wapi?" Sylvesta alimwuliza bila hata kuinuka kitini. "Ghala si kanisa. Hapa hakuna msamaha."

Padri akageuza gari lake. Wachukuzi walioegemea marobota wakatazamana. Mmoja akasema chini chini, "Kitendawili!"

"Tega!"

"Bahari yangu haina tone la maji, na papa wake anavaa kofia."

Wakacheka mpaka wakakohoa. Hakuna aliyengoja kuambiwa jibu.

Sylvesta alikuwa amefanya kazi bandarini Tanga, na kampuni moja ilipojenga ghala Karatu, mwaka themanini na sita, ikamleta alisimamie. Mizigo iliyoshuka melini ililetwa pale kwa malori, kisha wenyewe wakaifuata, wa Mbulu, wa Endulen, wa Loliondo. Sehemu ya kushushia aliiita gati. Malori aliyaita meli. Na kila aliyefika aliimbiwa wimbo uleule: taja jina, toa stakabadhi, lipia muda uliolala mzigo. "Bandari ni biashara," alisema. "Anayetaka huruma akamwombe mama yake."

Lakini siku hiyo mkali huyo alikuwa amevaa shati jipya. Alikuwa akimposa Naishorua, mwalimu wa shule ya msingi, binti wa mzee Moloimet, Mmasai wa Endulen, huko Ngorongoro. Wazee walikwisha kuongea, na Moloimet alikwisha kukubali. Lilibaki neno la mama wa binti, ambaye Sylvesta hakuwahi kumwona hata kwa mbali. Na jana yake ujumbe ulikuwa umefika: mama atashuka Karatu kesho, amtazame huyo mwanamume akiwa kazini kwake. Mama akikataa, hakuna harusi.

"Usije ukamkazia macho," Sylvesta alimwonya Yohani, mnyapara wa wachukuzi, mtu wa Singida. "Wala usimwulize jina. Mkwe haulizwi jina."

"Kwani kwetu sisi hatuna wakwe?"

Jua lilikuwa limeanza kuchoma wakati lori moja lilipoteremka kutoka upande wa Ngorongoro. Likaipita foleni yote, likasimama mlangoni kabisa mwa ghala. Akashuka mama wa Kimasai, mrefu, shingo imejaa ushanga, fimbo mkononi.

"Nani mkubwa wa kibanda hiki?"

Kibanda! Foleni ikasogea karibu, ikingoja mtu atukanwe. Sylvesta akainuka, akavua kofia, macho yake yakatua kwenye viatu vya matairi vya yule mama, yasitoke tena hapo.

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona unaongea na miguu yangu? Imekuibia?"

Wachukuzi wakaziba midomo.

"Nimefuata mablanketi yangu. Yale kule, yenye kamba nyekundu. Najua yamelala humu tangu kabla ya masika, usinihesabie. Yamekula nini chako hata niyalipie?"

Siku nyingine Sylvesta angemtoza mpaka ushanga umwishe shingoni. Leo alimgeukia Yohani, maana aliona haya kumjibu mkwe ana kwa ana. "Mwambie mama halipi kitu. Mzigo wake ni mzigo wa nyumbani."

"Anasema hulipi kitu, mama."

"Nimesikia, siumwi masikio. Pakieni basi!"

Damiano, mkulima wa Ganako aliyengojea majembe yake tangu alfajiri, akapaza sauti. "Bwana Gati! Na jina je? Na stakabadhi je? Au sheria ni za sisi wenye kandambili?"

"Nyamaza wewe! Kwenu hamfundishwi adabu mbele ya wakubwa?"

Mama akayatazama marobota yakipita. "Huyu ndiye aliyetoka bandarini? Ng'ombe wangu kipofu angepanga vizuri zaidi. Na wewe beba! Hiyo mikono umepewa ya kushikia kalamu tu?"

Sylvesta akabeba. Robota la kwanza likamchafua shati. La pili likalichana begani. Watu waliomwogopa mwaka mzima sasa walicheka waziwazi, na Damiano alikuwa amekaa chini kabisa, anajifuta machozi.

"Mwambie mama," Sylvesta alimnong'oneza Yohani huku akihema, "Naishorua hatabeba hata ndoo ya maji kwangu."

Yohani akafikisha. Mama akamkagua Sylvesta toka kisogoni mpaka visiginoni, akafyonya. "Asiyeweza kuinua kichwa ataweza kuinua ndoo?"

Hata hivyo, robota la mwisho lilipopanda, alimsogelea. Akatema mate kidogo kiganjani, akampaka kwenye paji la uso.

"Ila hukunisumbua. Mungu akuongezee."

Lori likaondoka na vumbi lake. Sylvesta alibaki amesimama, haligusi lile paji, mate yasije yakakauka upesi.

"Umeona, Yohani? Mate ya baraka! Nimepita, ndugu yangu, nimepita!"

"Umepita, Bwana Gati."

"Funga geti."

"Na hawa watu?"

"Waje kesho. Na mwingine yeyote atakayefika leo, hata awe nani, mfukuze."

Kwenye kona za kupandia msitu wa Ngorongoro, yule mama alijikung'uta vumbi la mablanketi, akamgeukia dereva.

"Kasaine, wewe watu wa Karatu unawajua. Huyo Naishorua waliyekuwa wakinitajia ni nani?"