Tangi la Sebuleni

Kila nyumba mjini Tanga ililea planktoni, vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho, katika tangi la kioo sebuleni, na kila mwezi mpevu ilivimwaga baharini. Asiyemwaga hapati samaki.

Mwanakheri alirudi kutoka kazini akakuta tangi linang'aa. Wifi yake Tunu, mgeni kutoka Singida, alikuwa anakamua dekio.

"Wifi, hilo dude ulishindwaje kuliosha? Maji yameoza, ya kijani! Nimelisugua kwa dawa ya choo."

"Hicho kijani ndicho chenye uhai, Tunu! Dagaa wanakila, jodari wanawala dagaa, sisi tunamla jodari. Na kesho ndiyo siku ya kumwaga."

"Nimekuja kusaidia, nanuniwa. Sijui kaka yangu alikupendea nini."

"Kaka yako hatakula samaki mwezi mzima. Utamweleza wewe."

"Basi tukachote mengine baharini. Si ndiko yalikotoka?"

Mwanakheri alimvuta mkono hadi dirishani. Chini ya ukuta wa nyumba bahari ilikuwa tulivu, na maji yake maangavu, yasiyo na hata chembe ya kijani, yalionyesha kila jiwe la sakafuni.

"Mashallah," Tunu alisema. "Na hii kaisafisha nani?"